UZI: Kuku jike akiwika si uchawi. Tuleteni vituko vya wanyama wetu, na sababu zake

Fundi_wa_Muhungu (Bukavu), mwenye uzi

Bandugu, habari za huko mliko.

Wiki hii kwenye avenyu yetu, kuku jike wa jirani alipanda ukutani alfajiri akawika. Si ile kelele ya kutaga, ni kuwika kwenyewe: shingo imenyooka, mabawa yanapigwa. Jua halijapanda vizuri, parsele imejaa watu. Mmoja anasema msiba unakuja, mwingine anasema kuna mtu ametuma kitu, na kisu kimeshanolewa. Niliomba wanipe yule kuku, nikalipa bei ya sokoni, sasa yuko kwangu anadonoa pamoja na wenzake.

Ninaandika kwa sababu jambo hili linanichoma. Kwetu mnyama akifanya kitu tusichokizoea, hukumu hutangulia swali. Bundi anapigwa mawe, kinyonga anachomwa moto, kuku anachinjwa. Mimi nasema swali litangulie. Sababu mara nyingi ipo, na ukiijua inashangaza kuliko uchawi wenyewe.

Tuanze na huyu kuku. Kifaranga jike ndani ya yai huwa na ovari mbili zinazoanza kujengeka, lakini ya kushoto peke yake ndiyo hukua. Ya kulia hubaki kijinundu kisicho na kazi. Ikitokea ile ya kushoto imeharibiwa na ugonjwa au uvimbe, homoni za kike hupungua, na kile kijinundu cha kulia kinaweza kuamka. Ajabu ni kwamba hakiamki kama ovari. Kinageuka kitu kinachofanana na korodani na kuanza kumwaga homoni za kiume. Kuku anaacha kutaga, kilemba chake kinakua na kuwa chekundu, anaweza kuota kipi (ule mwiba wa jogoo) mguuni, na manyoya mapya yanapotoka yanakuja na sura ya kijogoo. Halafu siku moja anawika.

Iko na sababu nyingine nyepesi zaidi, isiyohitaji ugonjwa wowote. Kundi likikaa bila jogoo, jike mwenye cheo cha juu kati ya wenzake anaweza kuchukua nafasi: anawatisha wengine, analinda, wakati mwingine anawika. Nilimuuliza jirani jogoo wake yuko wapi. Aliuzwa kabla ya sikukuu.

Na tusidhani hofu hii ni ya Waafrika peke yetu. Mwaka 1474, katika mji wa Basel huko Uswisi, walimpeleka mahakamani "jogoo" aliyetaga yai. Watu wa wakati ule waliamini yai la jogoo huangua joka. Alihukumiwa akachomwa moto pamoja na yai lake. Leo daktari wa mifugo angemtazama yule kuku akasema ovari imeharibika, basi.

Sheria ya uzi ni moja: lete ulichokiona kwa macho yako, na kama unajua sababu, iseme. Kama hujui, tuulizane.

Mama_Furaha_Kadutu

Miye niko Kadutu. Kwetu kuku mwanamuke akiwika, banamukata shingo palepale, hakuna kuuliza. Bibi yangu alimuacha mumoja, hata mwezi haukuisha tukazika shemeji yake. Wewe Fundi unasema homoni. Ile msiba nayo ilikuwa homoni?

Fundi_wa_Muhungu

Mama yangu, pole kwa msiba ule, na sikudharau. Naomba tu tulitazame hivi: ni nyumba ngapi za Kadutu zimezika mtu bila kuku yeyote kuwika? Hizo hatuzihesabu, kwa sababu hakuna kuku wa kukumbuka. Ile moja ambayo kuku aliwika, tunaisimulia hadi kwa wajukuu.

Mama_Furaha_Kadutu

Nimesikia. Lakini miye kwangu nitamukata tu. Endeleeni, nasoma.

Mwana_Kabare

Fundi, kwa kuwa umefungua mlango wa kuku, niongeze la majogoo kabla sijaleta langu. Watafiti wa Japani waliwafungia majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, usiku na mchana ukawa kitu kimoja, na bado waliwika kwa saa zao. Saa iko ndani ya mwili. Hiyo ilitolewa 2013. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba kuwika kwa alfajiri kunafuata cheo: mkubwa wa kundi anaanza, wadogo wanafuata kwa zamu yao. Mkubwa akiondolewa, wa pili ndiye anayeanza. Kesho amka mapema usikilize majogoo ya jirani kwa sikio hilo.

Langu sasa ni dende, yule mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na panya asiye na mkia. Wengine mnasema kobayi, wengine simbilisi. Huku Kabare na Walungu karibu kila nyumba ya kijijini wako jikoni, chini, karibu na moto, na mara nyingi ni mali ya watoto. Mtoto anauza wawili, anapata madaftari. Watu wanawaona kila siku lakini hawawatazami, na mimi nimewatazama kwa miaka.

La kwanza: kuruka. Dende mchanga anakaa kimya, halafu ghafla anarushwa juu kana kwamba sakafu imempiga teke, anajipinda hewani, anatua anatazama upande mwingine, anaruka tena. Majirani walimwambia mke wangu kwamba wana kifafa. Si kifafa. Ni furaha. Wanaruka hivyo wakipewa majani mabichi, wakipewa nafasi kubwa, wakiwa wadogo na wameshiba. Mmoja akianza, wenzake huambukizwa, na jiko zima linakuwa linachemka wanyama.

La pili: wanajua mlango. Sio mlango wowote, ni mtu anayeleta majani. Mimi nikiingia, kimya. Binti yangu akiingia jioni, hata kabla hajaweka mzigo chini, wote wanapiga mluzi mmoja mkali unaosikika hadi barabarani. Wamejifunza hatua zake na sauti ya majani yakikwaruza mlangoni. Kinyume chake, mbwa akipita au kivuli cha mwewe kikianguka mlangoni, wote wanaganda kwa pamoja, hata masikio hayachezi.

La tatu litawachukiza wengine, lakini ndilo ninalolipenda zaidi. Dende anainama, anachukua kinyesi laini moja kwa moja kinapotoka, anakila. Sio uchafu wala wazimu. Ana aina mbili za kinyesi: kigumu unachokiona sakafuni, na laini usichokiona kwa sababu amekila. Majani hayatoi chakula chote kwa kupita tumboni mara moja. Vijidudu vya utumbo vinatengeneza vitamini, na njia ya kuzipata ni kupitisha tena. Ukimzuia asile, anadhoofika.

Na mtoto wa dende anazaliwa na manyoya, macho yamefunguka, meno yapo. Anakaa tumboni zaidi ya miezi miwili, muda mrefu sana kwa mnyama mdogo hivyo, ndiyo maana anatoka akiwa tayari. Siku chache baadaye anatafuna majani pamoja na mama yake. Linganisha na panya anayezaliwa uchi na kipofu.

Ombi kwa mnaofuga: majani mabichi kila siku, msiwape mabaki makavu tu. Mwili wa dende hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na mwili wa mtu. Wengi wanaokufa "bila sababu" wakati wa kiangazi, sababu huwa ni hiyo.

Mama_Furaha_Kadutu

Hiyo ya kuruka nimeicheka peke yangu mpaka watoto wamekuja kuangalia. Wangu nao banaruka hivyo! Na miye nilikuwa natia chumvi mulangoni.

Dogo_Essence

Wakubwa, mimi swali. Beberu wa baba mdogo ananusa mkojo wa mbuzi jike, halafu anainua kichwa, anakunja mdomo wa juu, meno nje, anakaa hivyo kama anacheka. Anacheka nini?

Mwalimu_wa_Biolojia (Ibanda)

Hacheki, kijana wangu, anapima. Juu ya kaakaa lake kuna kiungo cha pekee cha kunusa, na ule mkunjo wa mdomo unasaidia kupeleka harufu ya mkojo huko. Anapata jibu kama jike yuko tayari kupandwa. Farasi, ng'ombe dume na hata paka hufanya hivyo. Na ukimwona beberu huyo huyo anajikojolea ndevu, hajaugua. Huo ndio manukato yake ya msimu.

Kijana_wa_Ziwa

Mimi nimekulia Ziwa Kivu, kwenye mitumbwi ya kuvua samaki wadogo waitwao sambaza, ile mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, mnaiona jioni ikitoka na nyimbo. Ninyi wa mjini mnakula sambaza, lakini hamjamwona anavyofanya usiku. Ukiwasha taa, maji yanabaki meusi kwa muda. Halafu wanakuja vidudu vidogo wa majini, halafu sambaza wanapanda kwa maelfu, wanazunguka taa upande mmoja, kama watu wanaozunguka uwanja. Mbalamwezi ikijaa tunabaki nyumbani, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na taa yetu haina maana tena.

Huyu samaki wala si wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akakuta ziwa ambalo huku juu halikuwa na samaki wa kula wale vidudu wa maji ya wazi. Na hawezi kushuka sana. Kuanzia mita 60 hivi kwenda chini maji ya Kivu hayana oksijeni, yana gesi. Kwa hiyo maisha yake yote ni kupanda na kushuka ndani ya tabaka la juu tu, juu ya maji yanayoua.

Kituko changu hasa ni mdiria, yule ndege mweusi na mweupe anayeganda hewani juu ya maji halafu anajitupa kichwa chini. Akishika sambaza anampiga kwenye mti mpaka aache kucheza. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa anatuambia kwamba kwenye shimo moja la mdiria huingia madume zaidi ya mmoja wakipeleka samaki, tukadhani ni hadithi ya mitumbwini.

Mwalimu_wa_Biolojia

Mzee wako aliona vizuri sana. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwafuatilia mdiria hao kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Wasaidizi wako wa aina mbili. Wa kwanza ni mtoto wa kiume wa mwaka uliopita, analisha wadogo zake. Wa pili si ndugu kabisa. Ni dume asiye na mke, anakuja na samaki mdomoni, analisha watoto wa mwenzake. Kule Naivasha, ambako wazazi walipata samaki kwa urahisi, walimfukuza. Kule Victoria, ambako uvuvi ulikuwa mgumu, walimkubali, kwa sababu bila yeye makinda wengi wangekufa. Na yeye anapata nini? Msimu unaofuata ana nafasi ya kumpata yule mama akiwa mjane au ameachana na mwenzake. Analipa mahari kwa samaki kabla hajajua kama atapewa mke.

Kijana_wa_Ziwa

Mwalimu, hii nitaipeleka mitumbwini leo leo.

Himbi_Goma

Salamu kutoka Goma. Langu fupi. Kasuku wa kijivu wa nyumba ya pili kutoka kwetu anawaita watoto kwa majina, kwa sauti ya mama yao, na wanakimbia kuitika. Mama mwenyewe yuko sokoni.

Uingereza nako, mwaka 2020, hifadhi moja ya Lincolnshire iliwapokea kasuku watano wa kijivu ikawaweka pamoja. Wakafundishana matusi, mmoja akitukana wengine wanacheka kwa sauti za watu, hadi ikabidi watenganishwe na kuondolewa mbele ya wageni. Kasuku anaiga ili awe mmoja wa kundi, na kundi lake likiwa watu wanaotukana, atatukana.

Ila tusiwanunue, bandugu. Wanatolewa msituni kwa nyavu na gundi, wengi wanakufa njiani. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ilipigwa marufuku baada ya mkutano wa 2016, na hata hivyo bado wanapita kwenye mabasi yetu ndani ya vikapu.

Lushois_243

Nawasoma kutoka Lubumbashi. Kutoka kwetu ukivuka mpaka wa Zambia, si mbali, kuna makao ya sokwe yanaitwa Chimfunshi, karibu na Chingola. Wa kwanza kabisa alipokelewa 1983, alikuwa ametoka huku kwetu, wakati ule ni Zaire.

Mwaka 2010 sokwe jike aitwaye Julie alichukua jani la nyasi akalichomeka sikioni, akaliacha linaning'inia, akaendelea na shughuli zake. Halikuwa na faida yoyote iliyoonekana. Kesho tena. Mwanawe akaiga, halafu wengine, mpaka wengi wa kundi lile wakawa na nyasi sikioni. Makundi ya jirani, nyasi ileile, hawakufanya. Julie akafa, na wenzake wakaendelea. Watafiti waliandika habari hiyo 2014. Mimi naiona ni fasheni kabisa, kama sisi huku tunavyogeuza mshono wa suruali kwa kuwa mtu mmoja aliyependwa ameanza.

Baba_Aganze

Kwa kuwa mmefika kwa sokwe, niseme la ngagi (gorila) wa mbuga yetu ya Kahuzi-Biega. Nilibeba mizigo ya wageni pale Tshivanga. Wageni wote wanadhani ngagi anajipiga kifua kwa ngumi. Anapiga kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, ndiyo maana sauti inatoka "pok-pok-pok" na kusafiri mbali. Na ile sauti si kelele tu. Kwa ngagi wa milimani wa upande wa Rwanda, uchunguzi uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba dume mkubwa wa mwili hutoa mlio mzito zaidi. Anatangaza ukubwa wake bila kupigana, na mwenzake aliye mbali msituni anaamua kama aje au abaki.

Jingine: kila jioni anatengeneza kitanda kipya cha majani, hata kama cha jana kiko hatua chache tu. Walinzi na watafiti wanahesabu vitanda asubuhi ili kujua familia ina wangapi.

Dogo_Essence

Na kinyonga? Mimi namwogopa mpaka leo. Nyumbani walisema akikuuma huponi.

Mwalimu_wa_Biolojia

Hana sumu hata tone. Nilikuwa ninasubiri mtu amtaje, kwa sababu huyu ndiye anayeteswa kuliko wote bila kosa.

Kwenye milima yetu kuna kinyonga mkubwa ambaye dume wake ana pembe tatu usoni. Kitaalamu ni *Trioceros johnstoni*, anapatikana katika milima ya Bonde la Ufa la magharibi tu, yaani kwetu na kwa majirani zetu. Madume wawili wakikutana kwenye tawi moja, wanasukumana kwa pembe hadi mmoja aanguke. Watu wanasafiri kutoka nchi za mbali kuja kumtazama, na sisi tunampiga fimbo.

Rangi: habadiliki hasa ili kujificha. Kujificha ameshajificha kwa rangi yake ya kawaida na kwa ule mwendo wa kuyumba kama jani. Anageuka rangi ili kusema: nimekasirika, niache, nimekubali, au ili kupata joto la asubuhi. Mwaka 2015 wanasayansi wa Geneva walionyesha namna. Ndani ya ngozi kuna seli zilizojaa fuwele ndogo sana zilizopangwa kwa safu. Akitulia, fuwele zinakaribiana na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita kwenye rangi ya manjano ya ngozi unaonekana kijani. Akisisimka, zinaachana, na mwanga unaorudi ni wa manjano au mwekundu. Waliyempima alikuwa kinyonga wa Madagaska.

Ulimi: anaurusha mbele kwa nguvu iliyokwisha kuhifadhiwa, mfano wa upinde uliovutwa, kwa hiyo hata asubuhi ya baridi anapiga vizuri. Ncha ina ute ambao watafiti wa Ubelgiji na Ufaransa walipima 2016, wakakuta ni mzito mara 400 kuliko mate ya mtu. Macho yake kila moja linatazama kwake, lakini akitaka kurusha, yote mawili yanaelekea mdudu.

Dogo, usiku chukua tochi, tazama vichaka vya bustani. Akilala huwa mweupe-mweupe na anaonekana haraka. Mtazame tu, usimguse, rudi ulale.

Dogo_Essence

Nitajaribu, Mwalimu. Nitaenda na kaka yangu.

Papa_Bagira

Fundi, nisaidie haraka. Juu ya dari yetu kuna kitu kinakoroma kama mtu mzee, usiku kucha. Kijana alipanda na tochi, akakuta bundi weupe wadogo, nyuso kama moyo. Familia imegawanyika. Shemeji ameshatafuta majani ya kuwafukizia moshi, anasema nyumba imelaaniwa.

Fundi_wa_Muhungu

Papa, zuia moshi leo, tafadhali. Hao ni makinda, hawawezi kuruka, watakufia darini na utakuwa na harufu mwezi mzima. Koroma unayosikia ni wao wanaomba chakula. Wakitimiza kama miezi miwili wataruka. Wakishatoka wote, ziba tundu kwa wavu, na ukiweza piga sanduku la mbao kwenye mti mrefu au kwenye ukuta wa nyuma, mlango wa sentimita 15 hivi, wahamie huko. Usiwapoteze kabisa, kwa sababu panya wa Bagira unawajua wewe mwenyewe.

Mwalimu_wa_Biolojia

Naunga mkono. Papa, mwambie shemeji asikilize vizuri ule mkoromo. Alexandre Roulin wa Lausanne amewasikiliza bundi hao miaka mingi. Kabla wazazi hawajarudi na panya, makinda wanajadiliana kwa sauti: mwenye njaa zaidi anaita sana, aliyeshiba ananyamaza na kumwachia zamu. Wakati mwingine mkubwa anampa mdogo wake panya wake mwenyewe. Nyumba yenye laana haina watoto wa namna hiyo.

Papa_Bagira

Aksanti. Nimemsomea shemeji, amesema atasubiri, lakini yeye hapandi kule. Na hivi vidonge vyeusi vilivyojaa darini, vyenye manyoya, ni kinyesi?

Mwalimu_wa_Biolojia

Hapana, ni matapishi makavu. Bundi humeza panya mzima, halafu anatapika mifupa na manyoya yakiwa yamefungwa pamoja. Usivitupe, Papa. Vikusanye kwenye mfuko wa karatasi, vaa glavu na ufunike pua. Nitapita Jumamosi nivichukue, wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wavifungue mezani wahesabu mafuvu ya panya, halafu nikuletee hesabu umpe shemeji.

Papa_Bagira

Njoo mchana, Mwalimu. Ngazi ipo.